Doh Niliyomnyima Rahabu

Wiki mbili baada ya kumzika mke wangu, mjukuu wetu Nyambura alikuwa akipanga nguo za nyanya yake ili zigawiwe akina mama wa kanisa. Akatoka chumbani ameshika glavu mbili nyeupe zilizokuwa zimefungwa kwa karatasi kuukuu ya majani ya chai. "Guka, hizi cucu alivaa siku ya harusi yenu?" Nikamwambia hapana, hizo ni za konsati. "Konsati! Cucu alienda konsati?" Akacheka, maana yeye akisikia konsati anafikiria vijana wanaorukaruka chini ya taa za rangi. Nikazichukua, nikaziweka mapajani. Zilikuwa ndogo kuliko nilivyozikumbuka. Nimeishi miaka mingi kwa neema ya Mungu. Nimefundisha watoto wa watu kusoma, nimekuwa mzee wa kanisa, na nimesimama mimbarani mara nyingi kuonya juu ya wivu. Kila nilipoonya nilijua ninamzungumzia nani. Rahabu akiwa hai sikuliandika jambo hili, kwa sababu lilikuwa lake kuliko langu. Sasa nimebaki mimi peke yangu ninayelijua, na nisingependa kuondoka nalo.

Ulikuwa mwaka mmoja kuelekea mwisho wa miaka ya hamsini. Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ilikuwa haijaondolewa, lakini watu walianza kupumua. Nilikuwa mwalimu katika shule ya misheni hapa Thika, na ndimi niliyeongoza kwaya ya kanisa letu, sauti ishirini na sita, karibu zote za wafanyakazi wa viwandani. Besi walikuwa wanaume waliotoka upande wa magharibi kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha ngozi, na walifika mazoezini na harufu ya kazi yao hata wakioga mara mbili. Soprano walikuwa wasichana wa kiwanda cha mananasi. Rahabu Wambui alikuwa mmoja wao. Alisimama kutwa akimenya mananasi ya kutiwa mikebeni, na maji yake yalikuwa yamemla vidole mpaka ngozi inabanduka, hivi kwamba kitabu cha nyimbo alikishika kwa viganja, kama mtu anayebeba maji. Sauti yake sitajaribu kuieleza. Nitasema tu kwamba nilikuwa nimekata shauri moyoni kupeleka wazee kwao kabla ya mwaka ule kwisha, na sikuwa nimemwambia, kwa kuwa sikuona haraka. Nani mwingine angemsikia?

Kanisani hatukuwa na kinanda. Nilikuwa na uma wa sauti, kile chuma chenye meno mawili ambacho ukikigonga hutoa sauti moja tu, ile ile siku zote. Mmisionari aliyenifundisha muziki aliniachia aliporudi kwao. Niliugonga kwenye goti, nikausimamisha juu ya meza, na mbao za meza zikaimba doh, sauti ya kwanza ambayo wimbo wote husimama juu yake. Mimi nikaichukua kwa mdomo, nikaipandisha, doh, mi, so, doh, na kila mtu akapata mahali pake. Hatukuanza wimbo wowote bila hiyo, hata ule tulioujua tangu utotoni. Nikichelewa kidogo mtu alisema, "Mwalimu, tupe doh," kama mtu anayeomba chumvi. Nilidhani waimbaji wote duniani hufanya vivyo hivyo.

Kisha Memsahib Carrick akaja kanisani kwetu Jumapili moja. Mumewe alikuwa meneja wa shamba la kahawa upande wa Ruiru, na yeye mwenyewe alipiga fidla kubwa, ile inayoshikwa katikati ya magoti. Pamoja na wenzake, Wazungu kumi na wanne hivi, walikuwa na okestra ndogo iliyokutana nyumbani kwake. Alitusikiliza mpaka mwisho wa ibada, halafu akanieleza kwamba mgeni anakuja kutoka ng'ambo kuiongoza okestra yao kwa miezi michache, kwamba kutakuwa na konsati katika klabu ya Wazungu hapa Thika, na kwamba angependa kwaya yetu iimbe pamoja nao. Niliporudi kuwaambia wenzangu nilikuwa nimevimba kwa furaha. "Ni kondakta maarufu," nikasema. Okumu wa besi akauliza, "Kondakta wa basi la wapi?" Walipomaliza kucheka nikawaeleza kwamba huyu husimama mbele na kijiti, wote wakamfuata. "Haya," akasema Okumu, "na wewe Mwalimu utakuwa ukifanya nini?" Sikuwa nimelifikiria hilo.

Kila Jumamosi lori la shamba lilikuja kutuchukua, na memsahib alikuwa ametuandikia barua ya ruhusa ili tusisumbuliwe njiani. Ukifika kwake, kitu cha kwanza kilikuwa harufu ya maganda ya kahawa yaliyokuwa yakichacha kule chini kwenye mashine, tamu na kali pamoja. Viatu vyetu vya tairi tuliviacha verandani, vimepangwa jozi jozi, kwa sababu sakafu ya sebule ilikuwa ya mbao na iling'arishwa kwa nta mpaka ungejiona uso. Tulisimama peku peku ukutani, chini ya picha za farasi, na wale Wazungu wakakaa nusu duara na fidla zao. Bwana Pell, yule mgeni, alikuwa kijana kuliko nilivyotarajia. Alikunja mikono ya shati kama mtu anayetaka kuosha vyombo. Siku ya kwanza aliniacha niongoze nyimbo mbili, akasikiliza amefumba macho, kisha akanishika mkono kwa nguvu na kunishukuru. Halafu akainua kijiti chake, na mimi nikabaki nimesimama katikati ya zulia bila mahali pa kwenda. Memsahib akanionea huruma. "Mwalimu, wewe sasa enda huko nyuma na wanaume. Bwana Pell tachunga hawa." Okumu akasogeza miguu kunipa nafasi. "Karibu kwetu, Mwalimu. Huku besi hakuna shida, ni kunguruma tu."

Nilijiambia kwamba ni unyenyekevu. Bwana Pell akawaimbisha soprano mmoja mmoja, na ilipofika zamu ya Rahabu, mama mmoja aliyeshika fidla ndogo akaishusha polepole mpaka magotini na kuisahau hapo. Jumamosi ile ile Rahabu akafanywa mwimbaji wa peke yake. Wimbo ulipangwa hivi: okestra ilipiga sehemu yake ya kwanza ikaisha, pakawa kimya kabisa, kisha Rahabu akaanza peke yake bila chombo chochote, mistari minne ya sifa kwa Mungu, na kwenye mstari wa tano fidla zikaingia chini ya sauti yake. Shida ni kwamba ile sehemu ya kwanza iliishia kwenye doh tofauti na ya Rahabu. Akianza juu kidogo au chini kidogo, fidla zingemkuta hayupo.

Mara ya kwanza kujaribu, okestra ikanyamaza, Bwana Pell akamwelekezea kijiti, na Rahabu akangoja. Kwaya nzima tukangoja. Kijiti kikabaki hewani. Bwana Pell akamtazama memsahib, memsahib akatutazama sisi, na ndipo nikatambua kwamba Rahabu anangoja doh. Nikaugonga uma, nikaipaza kama kawaida. Bwana Pell akashtuka kana kwamba nyuki ameingia sikioni. Wakasemezana. "Bwana Pell nasema hapana taka hiyo kelele," memsahib akasema. "Mwimbaji tafuta sauti kwa kichwa yake mwenyewe." Basi kutoka siku hiyo tukaifanya kwa siri, ingawa hatukupanga kwa maneno. Nilisimama nyuma ya Rahabu hasa. Fidla zikiwa bado zinamalizia, niliugonga uma kwenye goti, nikausikiliza, nikanguruma doh kwa sauti ya chini ambayo haikupita shingo yake. Niliona mabega yake yakishuka kidogo, kisha akaimba. Bwana Pell alifurahi mno. Nami nilifurahi pia, kwa majuma mawili.

Saa ya chakula Wazungu walikula ndani, sisi tukakaa nyuma ya jikoni na chai ya maziwa kwenye vikombe vya bati na viazi vitamu vya kuchemsha. Mpishi, mzee mmoja Mluhya aitwaye Shiundu, alikuwa akipita na sahani huku na huku, na pamoja na sahani alituletea mazungumzo. "Leo huko ndani ni Rahabu, Rahabu," akasema Jumamosi ya tatu. "Supu, Rahabu. Kuku, Rahabu. Nilidhani wataniambia nimlete kwa sinia." Wasichana wakamgusagusa Rahabu mbavuni. "Wanasema nini, mzee?" "Yule mgeni anasema huyu binti ana sauti imekaa kichwani kama saa ya ukuta. Okestra ikinyamaza, yeye haulizi mtu, anaipata tu. Ati hata kwao watu kama hao ni wa kutafuta. Anataka kumpeleka shule ya kuimba huko ng'ambo, miaka mitatu. Memsahib ataandika barua. Wanangoja hiyo konsati tu, ipite vizuri." Kisha akanitazama. "Mwalimu, mbona huli? Viazi vina nini?"

Viazi havikuwa na kitu. Ile saa ya ukuta ilikuwa ni mimi. Ilikuwa ni uma wangu, goti langu, koo langu, na sasa ilikuwa inasifiwa mezani na mtu ambaye ndiye aliyeniondoa mbele ya kwaya yangu, na kwa sifa hiyo angemchukua msichana ambaye nilikuwa bado sijamwambia neno moja. Tangu siku ile sikuona kitu kingine. Niliona Bwana Pell akimwonyesha namna ya kuvuta pumzi, mkono wake juu ya tumbo lake mwenyewe, na nikachukia hata tumbo lake. Alimletea kikopo cha dawa ya kupaka vidole. Dawa hiyo ilikuwa na harufu ya maua fulani, na Alhamisi, kwenye mazoezi ya kanisani, harufu ile ilikuwa kwenye kitabu cha nyimbo nilichopokea kutoka mikononi mwa Rahabu. Nilikirudisha kabatini bila kukifungua. Jumamosi moja tukingoja lori akaniuliza, "Mwalimu, baridi ya huko ng'ambo ni kama ya Kinangop?" Nikajibu, "Muulize Bwana Pell." "Nimekuuliza wewe," akasema, akaenda kukaa na wenzake. Nikiwa peke yangu niliomba. Niliomba mapenzi ya Mungu yatimizwe, halafu nikamweleza Mungu mapenzi yenyewe yalivyokuwa.

Konsati ilipangwa saa tisa mchana ili tuwe tumefika makwetu kabla ya saa za kutotembea. Tuliingia klabu kwa mlango wa jikoni, kwa mstari, tukiwa na mavazi meupe yaliyoshonwa na akina mama wa kanisa. Memsahib akamvalisha Rahabu glavu, akizivuta polepole kidole kwa kidole, kwa kuwa vidonda vilikuwa havijapona. Ukumbi ulijaa kofia na manukato. Nyuma kabisa, karibu na mlango, walisimama wapishi na madereva, na Shiundu akiwa katikati yao na kanzu iliyopigwa pasi. Bwana Pell aliingia, akapigiwa makofi kabla hajafanya lolote. Nakumbuka nilifikiri kwamba mimi sijawahi kupigiwa makofi maishani mwangu, na kwamba sikuwahi kuyataka mpaka dakika ile.

Okestra ikapiga. Nilikuwa nimesimama mahali pangu, mkono mfukoni, nimeushika uma. Fidla zikaanza kumalizia na nikajua ndio wakati. Chuma kilikuwa kimepata joto la mkono wangu. Sikuutoa. Sitasema kwamba nilichanganyikiwa au kwamba mkono ulikataa. Nilifikiri waziwazi kabisa: haya, atafute kwa kichwa yake. Fidla zikanyamaza. Kijiti kikamwelekea Rahabu. Niliona nyuma ya shingo yake, nywele fupi alizokuwa amesuka kwa uzi, na mabega ambayo hayakushuka. Kimya kikawa kirefu. Mtu mmoja akakohoa. Kijiti kikamwita tena, kidogo tu. Kisha Rahabu akageuka. Hakugeuza kichwa peke yake, aligeuka mwili mzima, akampa Bwana Pell mgongo pamoja na ukumbi mzima, akanitazama usoni na kusema, kwa sauti ile ile ya Alhamisi zote, "Mwalimu, tupe doh."

Waliojua Kiswahili wakacheka, na wasiojua wakawauliza. Masikio yangu yakawaka. Niliutoa uma, nikaugonga kwenye goti mbele ya watu wote wale, nikampa. Aliinamisha kichwa kunishukuru, akageuka, akaimba. Aliimba vizuri kuliko siku yoyote ya mazoezi. Kwenye mstari wa tano fidla ziliingia zikamkuta pale pale, na mama wa fidla ndogo alikuwa akilia huku anapiga. Makofi yalikuwa mengi. Lakini Bwana Pell alimpa mkono bila kumtazama, na sisi tukiwa jikoni tukinywa maji, Shiundu akaja na sinia ya vikombe, mdomo umenyooka. "Anasema kumbe ni mwalimu," akasema polepole. "Anasema amefanywa mjinga mbele ya watu. Binti hana kitu kichwani, anapewa." Hakufanya mzaha wowote. Barua haikuandikwa. Mwezi uliofuata Bwana Pell akapanda ndege.

Kwenye lori nilikaa karibu na Rahabu. "Nilisahau," nikamwambia. Alikuwa anavua glavu, kidole kwa kidole, kama alivyovalishwa. "Sawa, Mwalimu," akasema. Kabla ya mwaka kwisha nilipeleka wazee kwao. Akakubali. Nilimshukuru Mungu kwa machozi, na shukrani ile ilikuwa ya kweli, na chini yake palikuwa na kitu ambacho sikukitazama.

Tuliishi pamoja zaidi ya miaka hamsini. Aliacha kiwanda, akalea watoto wetu, akaongoza akina mama wa kanisa, na hakuacha kuniita Mwalimu hata mbele ya wajukuu. Tulikuwa tayari wazee, asubuhi moja, yeye akimenya viazi kwenye kiti cha jikoni na mimi nikisoma mlangoni penye mwanga, akaanza kuimba ile mistari minne. Hatukuwa tumesikia muziki wowote tangu tuamke. Redio ilikuwa imezimwa. Sijui nini kilinipeleka kwenye droo. Nikauchukua uma, nikaugonga kwenye goti, nikauweka sikioni. Doh yake ilikuwa ile ile ya uma. Haikuwa karibu nayo, ilikuwa yenyewe. Nikajiambia ni bahati. Kesho yake nikamwomba aimbe tena, na kesho kutwa, nikiwa nimeficha uma nyuma ya gazeti kama mwizi. Ile ile kila siku. Siku ya tatu akaweka kisu chini. "Umemaliza kunipima?"

Nikakaa kwenye kiti cha pili. "Ulikuwa nayo," nikasema. "Tangu zamani."

"Nilikuwa nayo. Hata kabla ya wewe kunipa."

"Kwa nini hukuimba, basi? Siku ile. Ungeimba, ungeenda."

Alichukua kiazi kingine, akakigeuzageuza. "Ulikuwa umenipa kila Jumamosi, na sikukuomba. Siku ile nikangoja, nikajua unao mfukoni na unaninyima. Nikaona nikiimba, nitaimba nikiwa nimesimama juu ya hilo. Sikuweza. Nikasema acha nimwombe, nione."

"Ulitaka kwenda?"

"Hii! Nilitaka sana, Mwalimu." Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja mji aliowahi kupita. "Lakini nilipokuomba ulinipa. Mbele ya wale watu wote, na aibu yote ile, ulinipa. Hayo mengine nilimwachia Mungu, nikaolewa na hilo." Akaendelea kumenya. Nilimwomba msamaha, nikiwa nimeshika vile vidole vyake ambavyo mananasi yaliviachia makovu, na akaniambia niache, maji ya viazi yananilowesha shati. Tukasali pamoja. Hatukulizungumza tena. Nimepokea msamaha ule na ninauamini, kama ninavyoamini msamaha mkubwa zaidi ya huo. Lakini mtu aliyesamehewa hajaambiwa asikumbuke, na mimi nakumbuka kwamba mahali fulani ng'ambo kulikuwa na chumba ambacho Rahabu angeimba ndani yake, na hakuimba.

Siku ya mazishi kanisa lilijaa mpaka nje. Mchungaji aliita kwaya ya vijana, nao wakasimama kuzunguka jeneza kuimba wimbo ambao Rahabu aliupenda. Siku hizi wana kinanda cha umeme kinachofanya kila kitu. Kijana wa kinanda alikuwa ameinama akihangaika na waya, na waimbaji wakasimama wakingoja, wametazama sakafu, na kimya kikawa kirefu. Nilikijua kimya kile. Nyambura alinishika kiwiko akidhani naanguka. Nikainuka, nikautoa uma mfukoni, nikaugonga kwenye goti, nikausimamisha juu ya jeneza, na mbao zikaimba. Safari hii hakuna aliyeniomba.